Kuiandaa Nyumba ya Ngara na Biharamulo kwa Ajili ya Picha

Picha za makazi ya Ngara, wilaya ya mkoa wa Kagera nchini Tanzania, zilizozunguka dunia kuliko zote hazikupigwa ndani ya nyumba. Zilipigwa mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la mpakani la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na ghafla kambi ya Benaco, wilayani humo, ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa Kagera. Wapiga picha walifika kutoka kila pembe, akiwamo Sebastião Salgado wa Brazili, aliyefariki mwaka 2025, na kazi yake ya Benaco imo katika mradi wake mkubwa kuhusu watu wanaohama, uliotoka kama kitabu mwaka 2000. Fito, turubai na moshi wa kuni: hayo ndiyo makazi ya Ngara yaliyowafikia watu wa mbali. Nyumba za wenyeji, zile za matofali ya kuchoma zilizozungukwa na migomba juu ya vilima vya Wahangaza na Washubi, zilibaki nyuma ya mgongo wa kamera.

Siwalaumu waliopiga picha zile. Watu walikuwa wanakimbia mauti na dunia ilipaswa kuona. Ila miaka zaidi ya 30 imepita, na leo wenyeji wenyewe ndio wanaoishika kamera, mara nyingi ikiwa ni simu, na wanaielekeza kwenye sebule zao. Sababu zipo na zinaongezeka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mtalii anayekwenda huko anahitaji pa kulala. Mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, unaleta wataalamu wanaotafuta nyumba za kupanga kwa miezi. Nyakanazi, njia panda ya wilaya jirani ya Biharamulo inayozigawa barabara za Rwanda, Burundi na Kigoma, haina usiku usio na malori, na kila lori lina dereva anayetafuta chumba safi. Mwenye vyumba vinne vya wageni, mwalimu mstaafu anayepangisha nyumba ya uani, familia inayomsindikiza binti yao na kutaka albamu ya heshima, wote wanakutana na swali moja: nyumba hii tuipangeje ili ikionekana kwenye picha, mtu atamani kuingia?

Jibu linalotolewa na wengi ni kununua au kuazima. Zulia la jirani, maua ya plastiki kutoka Kahama, makochi ya mtu aliyeoa juzi. Mimi naliona jibu hilo kuwa ghali na lenye hasara. Katika wilaya hizi mbili nyumba inayokaribisha karibu kila mara ipo tayari. Kazi ya maandalizi ni kuondoa vichache, kungoja jua lifike mahali pake, na kuviacha vitu vya mahali vionekane. Kila kinachoazimwa ili kuipamba picha kinakuja kulipiwa na mwenye nyumba siku mgeni anapofika na asikikute.

Tusidhani kwamba kupanga vitu ili vitazamwe ni mtindo ulioletwa na simu. Jirani zetu wa Karagwe walikuwa na mfano mkubwa katika karne ya 19. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwaka 1861 na kisha Stanley mwaka 1876, alikuwa na nyumba ya msonge ya kuhifadhia hazina, na aliwaingiza wageni wake humo. Ndani zilipangwa sanamu za ng'ombe za chuma, shaba zilizofuliwa kwa umbo la ndege, mikuki ya ustadi wa ajabu, pamoja na bunduki aliyozawadiwa na Speke. Stanley aliichora nyumba hiyo katika kitabu chake cha safari. Ukiitazama kama mpiga picha unaona uamuzi wa mtu anayejua anachofanya: kazi ya wahunzi wa nchi yake imepewa nafasi pana, na kitu cha kigeni kipo pia, kwa kuwa kinasema jambo la kweli kuhusu mwenye nyumba, kwamba ana marafiki wa mbali. Rumanyika hakuficha ng'ombe wa chuma ili bunduki ionekane.

Pwani nako kulikuwa na desturi ya namna hiyo. Nyumba za mawe za Lamu zilichongwa zidaka ukutani, safu kwa safu, humo zikapangwa sahani na bakuli za Uchina na vitabu. Kabati la vyombo lenye vioo linalosimama katika sebule za Biharamulo leo linafanya kazi ileile. Glasi za harusi, birika ambalo halijawahi kuchemshiwa chai, picha ya mahafali ya mtoto wa kwanza: yote yamewekwa mahali ambapo mgeni atayaona kabla hajaulizwa habari za safari. Kwa hiyo mtu anapokuambia ondoa kabati, linajaza picha, msikilize kwa nusu sikio. Ninachoshauri ni kulipunguza. Toa mifuko ya plastiki iliyosokomezwa juu yake, toa maboksi ya dawa na chaja zilizokatika, bakiza vyombo vitakavyopumua. Kisha futa vioo kwa kitambaa kikavu, maana vumbi jekundu la wilaya hizi halionekani kwa macho ya mwenye nyumba aliyelizoea lakini kamera hulikuta.

Jambo linaloamua picha kuliko samani zote ni mwanga, na hapa Ngara na Biharamulo zina hali ya pekee ambayo vitabu vya mafunzo vya watu wa Ulaya haviigusi.

Kwanza ni saa. Tanzania nzima inafuata saa ileile, lakini jua halifuati mipaka ya nchi. Ngara iko mbali magharibi kiasi kwamba jua huchomoza huko kama nusu saa na zaidi baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kwa mwaka mzima linatoka kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi, na adhuhuri ya kweli, jua likiwa juu kabisa, huangukia karibu na saa saba mchana. Ukivuka mto wa mpakani pale Rusumo na kuingia Rwanda unakuta jua ni lilelile na saa imerudi nyuma kwa saa nzima. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba ratiba aliyoizoea Dar inamdanganya. Akifika saa moja kamili asubuhi atakuta chumba bado kina giza la buluu. Mwanga laini unaoingia kwa mshazari na kulala juu ya sakafu unapatikana tangu saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu. Katikati ya hapo jua linapiga bati kutoka juu, varanda inakuwa kiza na uwanja unakuwa mweupe wa kuumiza macho.

Pili ni upande. Wilaya hizi ziko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Katikati ya mwaka linakaa upande wa kaskazini, mwishoni mwa mwaka upande wa kusini. Nyumba ambayo varanda yake imetazama kaskazini hupata jua la mchana la Juni na Julai hadi kwenye viti. Nyumba hiyohiyo mwezi Desemba itakuwa na kivuli mbele na mwanga kwenye dirisha la nyuma. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba si rangi ya makochi yake. Ni mlango wake umetazama wapi, na tuko mwezi gani.

Tatu ni rangi ya mwanga wenyewe, na hapa niombe uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo picha nyingi za huku zinapoharibika bila mtu kujua kwa nini. Nyumba nyingi za Ngara zimekumbatiwa na migomba. Jua likipita kwenye majani mapana ya mgomba na kuingia dirishani, linaingia likiwa la kijani. Jicho la binadamu hulisahihisha mara moja, simu haiwezi kila wakati. Matokeo yake ni ukuta mweupe unaofanana na maji ya mchicha, na uso wa bibi mwenye nyumba unaonekana kama wa mgonjwa. Mbele ya nyumba hali ni kinyume: uwanja wa udongo mwekundu unarudisha mwanga wa kutu hadi kwenye dari ya varanda. Chumba chenye dirisha la mbele na la nyuma kinaweza kuwa nusu kijani na nusu chekundu. Ukiongeza taa nyeupe ya dari juu ya hayo unapata rangi tatu katika fremu moja, na hakuna programu ya simu itakayoziokoa zote.

Dawa yake ni ya bei rahisi. Zima taa zote. Shika karatasi nyeupe katikati ya chumba uitazame kwenye kioo cha simu. Hapo ndipo utajua ni rangi gani iliyotawala. Kisha chukua shuka jeupe la kitandani, pana kuliko yote, ulitandaze chini nje ya dirisha, pale jua linapopiga. Mtu anayefanya hivi kwa mara ya kwanza hushangaa. Ukijani unapungua, mwanga mweupe unaruka kutoka kwenye shuka hadi darini, na kutoka darini unashuka taratibu juu ya kila kitu: pindo la kitambaa cha kochi, ukingo wa meza, hata mikwaruzo ya sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu ikang'arishwa kwa nta. Weka mawe manne kwenye pembe ili upepo usilichukue, na umwombe mtoto awazuie kuku wasipite juu yake. Hakuna kifaa cha dukani ninachokipenda kuliko shuka hilo.

Kuhusu majira, watu wengi huchagua kiangazi cha Juni hadi Agosti kwa kuogopa tope. Naelewa, lakini wanapoteza kitu. Wakati huo nyasi zinachomwa, anga inakuwa ya kijivu, majani ya migomba ya kando ya barabara yamevaa vumbi, na chini ya kuta udongo umeganda. Asubuhi inayofuata mvua za mwanzo za Septemba au Oktoba ina hewa iliyooshwa, vilima vya mbali vinaonekana hadi mkunjo wa mwisho, na bati linang'aa. Tope lipo, ndiyo. Hutulizwa kwa kutandaza nyasi au pumba za mpunga njiani, na kwa kufagia mapema kabla watu hawajakanyaga. Uwanja uliofagiwa na kubaki na mistari ya fagio ni pambo lenyewe. Anayeupiga picha na afike kabla ya watoto kwenda shule.

Sasa turudi ndani. Wakazi wa Kagera wana uzoefu mmoja unaofaa hapa: miaka ya upuliziaji wa dawa-ukoko ya kuua mbu, familia zilitakiwa kutoa vitu vyote nje kabla wapuliziaji hawajaingia. Aliyeiona sebule yake tupu siku ile, kisha akavirudisha vitu kimoja kimoja, anajua jambo ambalo wapambaji hulipwa kulifundisha. Chumba kikiwa kitupu unakiona umbo lake. Kinachorudishwa kwanza ndicho unachokipenda. Kinachorudishwa mwisho, huku ukitafuta pa kukiweka, pengine hakikuhitajika. Sisemi kila anayepigwa picha atoe vyote. Lakini upande mmoja wa chumba, ule utakaoonekana, unastahili kufanyiwa hivyo.

Vitambaa vya makochi vina mjadala wao. Vijana wanaotoka vyuoni huviona vya kizamani na huvitoa kabisa, kochi likabaki uchi na ngozi yake ya bandia inayometa kama imemwagiwa maji. Naona wanakosea. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono na mama au dada wa nyumba hiyo, kikafuliwa na kupigwa pasi, kinaeleza uvumilivu ambao mgeni hawezi kuununua. Shida huja vikiwa kumi na vinne chumba kizima, vya rangi ya waridi, buluu na manjano, vikigombana. Viache vya rangi moja, juu ya migongo ya makochi tu, na meza ibaki na kimoja. Pazia zenye mng'ao wa dhahabu zifungwe pembeni. Runinga ikizimwa ni kioo cheusi kinachomrudisha mpiga picha na simu yake ndani ya picha. Sogea hatua mbili kando na uakisi unaondoka.

Simu ishikwe usawa wa kifua, wima, isiinamishwe, ili kuta zisionekane zinaanguka. Lenzi pana ya simu za sasa, ile inayofanya chumba cha hatua nne kuwa ukumbi, iachwe kwa ajili ya uwanja. Ndani inadanganya. Ukubwa wa chumba ni jambo la kwanza mgeni atakaloligundua akishaweka begi.

Jikoni huwa panafungwa mlango siku ya picha, na kwangu hiyo ni hasara kubwa. Jiko la nje la nyumba ya kijijini Biharamulo, lenye mafiga, paa lililokolea masizi na dirisha dogo la upande wa mashariki, lina mwanga ambao wachoraji wangelipa kuupata. Moto ukiwashwa asubuhi, moshi unaushika mwali wa jua na kuuonyesha kama ubao. Sufuria zilizosuguliwa kwa majivu na mchanga zikafudikizwa juu ya kichanja, ungo uliotundikwa, kinu na mchi wake: hayo hayahitaji mpambaji. Yanahitaji mtu asiyeyaonea haya. Chumbani ni maneno machache tu. Shuka lipigwe pasi. Chandarua kionekane, kikiwa kimefungwa fundo zuri juu ya kitanda. Mgeni anayekuja Kagera anakitafuta kwa macho kabla ya kutazama mto, na wenye vyumba wanaokiondoa kwa sababu eti kinaharibu picha wanaondoa habari aliyokuwa anaihitaji.

Nimesema vitu vya mahali viachwe vionekane, na mfano ulio wazi zaidi unatoka Ngara yenyewe. WomenCraft, taasisi ya biashara ya kijamii yenye makao wilayani humo, hufanya kazi na wanawake wasukaji wa eneo la mpaka wa Tanzania, Burundi na Rwanda, na imeshirikiana na mpango wa MADE51 wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, unaouza kazi za mikono za wakimbizi katika masoko ya nje. Vikapu vya aina hiyo vinaishia kwenye kuta za nyumba za Ulaya na Marekani. Wapambaji wa huko huvitafuta kwa bidii ili kukipa joto chumba cheupe kinachokwenda kupigwa picha ya jarida. Wakati huohuo, mwenye gesti aliye kilomita chache kutoka kwa msukaji anapamba ukuta wake kwa bango la plastiki la maporomoko ya maji lililochapwa ng'ambo. Hili linaniuma. Kikapu kilichosukwa kwa nyasi za vilima vile kinalichukua jua la Ngara vizuri kuliko kitu chochote kilichopakwa rangi ya kumeta, kwa sababu uso wake una mabonde madogo yanayobeba kivuli, na kivuli ndicho kinachoipa picha uzito. Vitatu vya ukubwa tofauti ukutani, au kimoja kikubwa mezani chenye ndizi mbivu, vinatosha.

Ng'ambo ya mto wa mpakani upo mfano wa pili. Katika wilaya ya Kirehe, Rwanda, ukipita Rusumo kuelekea Kigali, kuna kijiji cha Nyakarambi ambako wanawake wanatengeneza imigongo: mbao zenye nakshi za pembe na mizunguko, zilizoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha zikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Simulizi za huko zinaihusisha sanaa hii na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Zamani ilichorwa moja kwa moja kwenye kuta za ndani. Baada ya 1994 wanawake wa ushirika ndio walioirudishia uhai, na sasa inapamba hoteli za Kigali. Kipande kimoja kikitundikwa Ngara kinaeleweka, kwa sababu watu wa pande mbili za mto huo wanaoana na wanauziana ng'ombe. Lakini ukuta wa Ngara una ustadi wake pia. Kusiriba kwa udongo wa rangi mbili, mweupe juu na kijivu au mwekundu chini pale matone ya mvua yanaporukia, bado kunafanywa na akina mama kwa viganja vyao, na alama za vidole hubaki. Mpiga picha akiweka mwanga wa pembeni juu ya ukuta huo atapata kitu ambacho karatasi ya ukutani haijawahi kutoa. Na kwa Wahaya na majirani zao kulikuwa na desturi ya kutandaza nyasi mbichi sakafuni kumpokea mgeni. Nyumba moja ya wageni ikiifufua kwa heshima, harufu haitaingia kwenye picha, lakini uso wa mgeni aliyeinusa utaingia.

Hapa linakuja swali gumu zaidi: mapambo yanaishia wapi na udanganyifu unaanzia wapi? Wapo wanaosema picha zote ni za kupanga, kwa hiyo hakuna mpaka. Hoja hiyo siipokei. Kufagia, kupiga pasi, kusogeza kiti kwenye jua, kuficha ndoo ya deki: haya mwenye nyumba anaweza kuyarudia kila siku mgeni anapokuja. Kuazima jokofu, kufuta kwa programu nguzo ya umeme iliyo mbele ya dirisha, kuonyesha bomba la maji wakati maji yanachotwa kisimani, ni kuuza kisichokuwapo. Wilaya hizi zimeishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta na sola, na hata sasa, pamoja na kituo cha umeme cha megawati 80 cha Rusumo ambacho Tanzania inagawana sawa na Rwanda na Burundi, zipo nyumba nyingi ambazo taa yao ni ya sola. Picha ya jioni yenye taa ya sola mezani, ikisema ukweli huo, haimfukuzi mgeni mwenye akili. Inamwambia alete chaja yake yenye chaji.

Upande wa watu unahitaji uangalifu kuliko upande wa vitu. Nyumba ni mahali pa siri. Kalenda yenye tarehe za kliniki, cheti cha mtoto ukutani chenye jina kamili, picha ya marehemu iliyofungwa utepe mweusi, kadi ya chanjo iliyochomekwa kwenye kioo: vitu kama hivyo huingia kwenye picha ya tangazo bila mtu kukusudia, na vikishaingia mtandaoni havirudi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ingawa wengi huihusisha na benki na kampuni za simu, roho yake inagusa hata mpiga picha wa sebule. Mzazi aulizwe kabla ya mtoto kuwekwa kwenye tangazo. Mfanyakazi wa ndani aulizwe pia, tena faraghani, bila mwajiri kusimama pembeni, kwa sababu mbele ya mwajiri jibu lake ni moja tu. Na kwa kuwa tuko mpakani, mwenye ndege isiyo na rubani asiirushe kuipata nyumba kwa juu bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Wageni wanaokuja kupiga picha nyumba za wengine, kwa ajili ya mashirika au majarida, wana mtihani wao. Huwa wanataka nyumba "ya asili", na nimewasikia wakiomba redio itolewe, jagi la plastiki litolewe, kochi litolewe, abaki bibi na kibuyu. Ni udanganyifu uleule uliogeuzwa juu chini. Bibi wa Biharamulo mwenye redio na kibuyu ndiye bibi aliyepo. Rumanyika alituonyesha namna vitu viwili vinavyokaa ukuta mmoja, na sioni sababu ya mpiga picha wa leo kumnyima bibi huyo uhuru ambao mfalme alikuwa nao.

Limebaki jambo ambalo halimhusu mteja wala mgeni. Misonge ya zamani imekwisha karibu kabisa, na nyumba za miti na udongo zinabomolewa kila kiangazi familia zikipata tofali na bati. Ni maendeleo, na hakuna anayepaswa kulala kwenye paa linalovuja ili sisi tupate picha. Lakini tunao ushahidi mdogo mno wa jinsi watu wa Ngara na Biharamulo walivyopanga vyumba vyao miaka ya 1960 au 1980: kiti cha babu kilikaa wapi, maji ya kunywa yaliwekwa upande gani wa mlango, nani alilala karibu na moto. Picha za harusi na za kipaimara zipo, karibu zote zimepigwa nje au studio, mbele ya pazia. Anayeandaa nyumba kwa ajili ya tangazo leo ameshafika na kamera, mwanga anao, na mwenye nyumba amekubali. Apige kwanza picha kama sita za nyumba jinsi alivyoikuta, kabla hajasogeza hata stuli: mlango wa mbele, sebule, jiko, kitanda, uwanja, na mkono wa mtu kwenye kazi yake. Haitamchukua robo saa. Aandike jina la kijiji na tarehe, azihamishie kwenye simu ya mwenye nyumba, na nakala chache zichapwe studio ya mjini Biharamulo au Ngara ziwekwe ndani ya kabati la vyombo. Kisha atandaze shuka lake nje ya dirisha na kuanza kazi aliyolipwa.